Bao la Mchangani na Kamari ya Dukani

Ndugu zangu wa Pwani, huku Bukiriro, wilayani Ngara, mtoto hangoji kununuliwa mchezo. Huchimba mashimo mchangani, safu 4 za mashimo manane manane, akaokota vijiwe 64, akamwita mwenziwe. Nyinyi mwaita bao, na kete zenu ni komwe. Jirani zetu wa Rwanda huita igisoro, na Waganda omweso. Basi yuko mwalimu wa chuo ambaye kila apitapo huyafukia mashimo yale kwa mguu wake na kuwacharaza watoto, akisema ni haramu, ni kamari. Na wazazi wamenyamaza, wakidhani hiyo ndiyo dini.

Siyo dini. Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni wetu wa Kishafi aliyefariki mwaka 974 wa Hijra, ameutaja mchezo huu wa mashimo na vijiwe katika Tuhfa, kwa jina lake la Kiarabu, manqala. Akaupima na sataranji, kwa kuwa msingi wake ni hisabu na fikira. Alioharimisha ni ule ambao hisabu yake hufuata vijiti vya bahati vinavyorushwa. Mpaka umewekwa wazi zamani. Huyo mwenye bakora ameutoa wapi wake? Naye Mtume (s.a.w.) alimwona Bibi Aisha akicheza na watoto wake wa bandia, wala hakumnyang'anya.

Hebu utazameni mchezo wenyewe. Kete zote ziko wazi, hakuna iliyofichwa. Ukishika za shimo lako wazigawa moja moja, huruki shimo hata likiwa halikupendezi. Ukila za mwenzio hutii mfukoni. Wazipanda upande wako, na kitambo si kitambo zimerudi kwake. Shimo lenye kete moja haliwezi kuanza mwendo, hivyo aliyebakiwa na moja moja kila mahali amekwisha, hata zikiwa kumi. Mtoto akaona kwa macho yake kuwa mali iliyotapanywa haina nguvu, na kuwa mwenye pupa ya kula huacha nyumba wazi aliwe. Khalafu kuna hisabu: mimi mwalimu nawajua watoto ambao hawajashika chaki, lakini hutupa jicho shimoni wakakwambia kete ya mwisho itaangukia wapi. Na mchezo ukiisha vijiwe ni 64 vile vile, hakuna aliyetoka tajiri wala fakiri.

Sisemi acheze hata sala impite. Na atakayeweka shilingi juu ya bao, au hata kikombe cha chai alipe mshindwa, huyo ameingia katika yaliyokatazwa na aya ya 90 ya Suratul Maida.

Lakini kamari ya leo haiko mchangani. Iko katika zile mashine za sarafu madukani, ambamo mtoto aliyetumwa chumvi hutumbukiza chenji ya mamake, ilhali sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 imewazuia walio chini ya miaka 18. Iko katika mikeka ya mpira anayoijaza baba kwa simu, barazani, wanawe wakimtazama. Hapo mwalimu wetu hupita akatoa salamu, bakora imeshuka.

Basi mzazi, akija kwako kukushitakia bao, mtake akufungulie Tuhfa, kitabu cha ushahidi, akuonyeshe hukumu yake. Kisha mshike mkono umpeleke dukani, penye mashine.