Hesabu ya seli yafupisha tiba ya saratani, ila yadai usahihi zaidi

Mwanamke mwenye saratani ya matiti anayesafiri kutoka Lodwar kufuata tiba ya miale Nairobi haulizi kuhusu fizikia. Huuliza atakaa siku ngapi na atalala kwa nani. Ajabu ni kwamba jawabu lake hutokana na mlinganyo wa hesabu.

Miale huua seli kwa kukata nyuzi za DNA. Dozi ya grei moja hukata uzi mmoja mahali takriban 1,000 katika kila seli, na nyuzi zote mbili mahali kama 40. Jeraha la kwanza hurekebishwa upesi. La pili ndilo huua. Seli zenye afya zikipewa muda hujirekebisha, na ndiyo sababu tangu zamani dozi hugawanywa kwa majuma kadhaa.

Mlinganyo unaoeleza haya una sehemu mbili. Moja huongezeka sambamba na dozi. Nyingine kwa mraba wake, yaani dozi ikizidi maradufu, sehemu hiyo huzidi mara nne. Uwiano wa sehemu hizo hutofautiana baina ya tishu. Ilipobainika kwamba saratani ya matiti huathiriwa na ukubwa wa dozi karibu sawa na tishu zinazoizunguka, faida ya vipande vidogo vidogo ilipungua.

Uingereza ikalipima jambo hilo kwa wagonjwa 4,096 katika utafiti wa FAST-Forward, ambao matokeo yake ya miaka mitano yalitolewa 2020. Grei 26 kwa mara tano, juma moja tu, zilizuia saratani kurejea sawa na grei 40 kwa mara 15. Lakini kundi jingine lilipewa grei 27, na madhara kwenye tishu za kawaida yakazidi. Grei moja tu!

Hapo ndipo wanaotamani kupunguza foleni hospitalini wanapopaswa kutua. Kosa la siku moja kati ya 15 ni dogo. Kati ya tano, ni sehemu ya tano ya tiba nzima. Bajeti zetu hupenda mashine (ambazo hukatiwa utepe) kuliko mishahara ya wanafizikia wa tiba. Kaunti inayoomba mashine ingefaa iulizwe kwanza ni nani atakayeipima kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza kulazwa chini yake.