Neno Letu Katika Mashindano ya Nairobi

Wahenga walisema, jina jema hung'ara gizani. Kule Paris mashindano ya tenisi yaitwa Roland Garros, jina la rubani Mfaransa aliyeuawa vitani mwaka 1918. Je, Nairobi?

Mbio za magari zilipoanza mwaka 1953 ziliitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Ilipofika 1960 habari ya kutawazwa ikaondolewa, zikawa East African Safari, na baadaye Safari Rally. Mwaka 2021 ziliporejea katika ubingwa wa dunia, magari yaliondokea KICC, katikati ya jiji, kwa jina lilo hilo. Hata raga ya wachezaji saba saba, iliyoanza mwaka 1996 kwenye uwanja wa barabara ya Ngong, magharibi mwa jiji, yaitwa Safari Sevens.

Sifa za Malkia zimetoka, safari imebaki. Neno hilo asili yake ni Kiarabu, likakulia katika Kiswahili chetu, hata likaenea ulimwenguni.

Lakini ndugu wasomaji, tusishangilie tu. Mgeni akisikia safari huwaza simba na vumbi. Kwetu sisi, safari ni kuagana na majirani, kutakana radhi, na kusoma dua kabla ya kushika njia. Mtoto asipofunzwa hayo atadhani neno hili tumeletewa na watalii. Wazazi na walimu wa madrasa, hapana budi tumweleze mapema.