Sauti Iliyo Ndani ya Redio Kuukuu



Juma lililopita nilikuwa Dar es Salaam, katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Nikamkuta fundi amepanga redio-kaseti kuukuu, zile zenye spika mbili. "Karani," akaniambia, "siku hizi wako watu wanaozitafuta kwa ukumbusho."

Nilinyamaza. Marehemu baba alikuwa nayo kama hiyo. Kabla ya simu za mkononi, ndugu wa mjini na wa kijijini walisalimiana kwa kaseti: mmoja hunena, mwingine husikiliza, kisha hujibu. Redio ya baba niliiuza mwaka aliofariki, nikiiona takataka. Mama aliponiuliza, "Mwanangu, ile kaseti yenye salamu za baba yako i wapi?" ndipo nilipojua ilikuwamo ndani.

Basi, ndugu zangu, msiuze redio ya namna hiyo kabla ya kuifungua. Kaseti, iliyoanzishwa na Philips mwaka 1963, ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa kutu ya chuma. Jua kali huuharibu, na sumaku ya spika huweza kufuta sauti. Utepe ukilegea, ukazeni kwa kalamu ya risasi. Sikilizeni pande zote mbili, kisha vijana wainakili sauti katika simu.

Redio hununuliwa tena Kariakoo. Sauti ya mzazi hainunuliwi. Novemba, tunapowaombea marehemu, wajukuu na wamsikie babu yao.