MUNUNUZI AKIPOKELEWA VIZURI, ATARUDI



Wengi kati yetu ni watoto wa wachuruzi. Minervali inayolipwa hapa inatoka sokoni na katika maduka ya Butembo na Beni. Duka la wazazi likikosa wanunuzi, mutoto anafukuzwa darasani. Kwa hiyo jambo hili ni letu.

Tutembee katikati ya muji wa Butembo. Nguo, sahani, redio, vipande vya pikipiki: duka hili na jirani yake wanauzisha vitu vilevile. Vimetoka Dubai ao Guangzhou, vimepita Mombasa, vimevuka Uganda na kuingia kwa Kasindi. Bei zinaachana kidogo tu. Basi, kitu gani kinamufanya mutu aingie hapa, asiingie pale? Tunasema: ni namna anavyopokelewa.

Lakini tunaonaka nini? Mama ametoka mbali, anauliza bei ya kitenge. Kijana wa duka anaangalia simu yake, anajibu bila kuinua macho: «Kama hauna feza, usiguse.» Mwingine anamurudishia mununuzi franka zilizopasuka, kesho yake mama akizileta, anazikataa. Yule mama hatagombana. Ataenda kwa jirani, na jioni atawaambia wenzake wote. Tangazo la redio linalipiwa; maneno ya mama hayalipiwi, na watu wanayaamini kupita redio.

Wako wanaosema: «Mununuzi anatafuta bei ya chini tu.» Hatukatai, bei inavuta. Lakini bei, jirani anaweza kuishusha kesho asubuhi. Jina zuri haliigwi kwa siku moja. Wachuruzi wetu wengi waliinuka kwa kukopeshana mali kwa neno tu, juu walijuana kuwa waaminifu. Tukumbuke Novemba 1973, wakati Mobutu alipotangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yapewe wenye inchi. Wengi waliopewa waliuzisha vilivyokuwa ndani, kisha maduka yakabaki matupu. Serikali iliwapa funguo na mali. Haikuweza kuwapa imani ya wanunuzi wala ya wale waliokuwa wakileta bidhaa.

Tena, tangu mwaka 2014 mauaji katika eneo la Beni yamewafukuza watu wengi mashambani, na feza imekuwa ngumu. Anayekuja na franka chache anachagua sana pa kuziacha. Wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, duka lenye ndoo ya maji na klorini mulangoni lilimwonyesha mununuzi kama linachunga maisha yake. Hiyo nayo ni kupokea mutu vizuri.

Wandugu, vakansi iko karibu na wengi tutasimama nyuma ya meza za wazazi. Tusalimie mbele ya kutaja bei. Kipimo kijae. Kitu kibovu kibadilishwe bila makelele. Tusiseme «kesho kitafika» kama hatujui. Anayenunua sabuni moja apokelewe sawa na anayenunua katoni kumi, juu siku moja naye anaweza kufungua duka lake na kutafuta pa kununua kwa wingi.

Na ninyi waalimu wa seksio ya biashara, mutufundishe haya pamoja na hesabu za vitabu. Tutayahitaji sana kiisha kupata diploma.

Mukubwa wa wanafunzi,
Darasa la sita