Ada ya Kukawia, Sawa. Kukatiwa Chaji, Hapana

Anayeacha gari la umeme kwenye mashine ya kuchajia wakati betri imeshajaa anamzuia mwenzake, na ni haki atozwe. Tesla ilianza kutoza ada hiyo Desemba 2016, senti 40 za dola kwa kila dakika, ila aliyeondoka ndani ya dakika 5 alisamehewa. Hapo sina ubishi. Ninachokataa ni kanuni nyingine ya vituo vya kuchajia, ya kumkatia dereva chaji ikifika asilimia 80, kuletwa Kaunti ya Bomet kama ilivyo. Ni kweli betri hupokea umeme polepole inapokaribia kujaa, na Nairobi penye foleni kanuni hiyo ina maana. Lakini mtu wa Chebunyo, huku Bomet, aliyempeleka mgonjwa Kericho hawezi kutegemea kituo kingine njiani. Asilimia 20 zilizobaki ndizo zitakazomfikisha nyumbani. Tena kuna suala la ada ya kukawia usiku. Mwaka 2023 mamlaka ya udhibiti wa nishati ya Kenya, EPRA, iliweka umeme wa kuchajia magari kwa bei ya msingi ya shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 saa ambazo matumizi ni madogo, yaani usiku hasa. Huwezi kumwita mtu achaji usiku kwa nusu bei, kisha umtoze kwa kulala gari likiwa limejaa na hakuna anayesubiri. EPRA na kaunti waandike wazi: ada idaiwe penye foleni tu, na kiwango kionyeshwe kwenye mashine kabla dereva hajachomeka waya.