Supamaksi Si Kuta, ni Upweke

Makomredi, geti la hosteli likifungwa mapema kidogo tu, utasikia mtu akilalamika, "Hii sasa ni supamaksi!" Tunacheka, yanaisha. Lakini neno hilo lina maana yake, na maana hiyo haichekeshi.

Wengi hudhani supamaksi ni gereza kama Kamiti, ila lenye kuta ndefu zaidi. Sivyo. Kamiti ni gereza la ulinzi mkali, ndiyo, lakini huko wafungwa wengi hukaa pamoja, na wapo wanaosoma na kufanya mtihani wa KCSE. Kwenye supamaksi mtu hufungiwa peke yake selini takriban saa 23 kwa siku.

Mtindo huu ulishika mizizi Marekani. Oktoba 1983, askari jela wawili waliuawa siku moja katika gereza la Marion, Illinois. Wafungwa wakafungiwa selini, na hatua hiyo ya dharura ikageuka kuwa utaratibu wa miaka na miaka. Mwaka 1994 likafunguliwa gereza la ADX Florence, Colorado, lililojengwa makusudi kwa kazi hiyo: kitanda cha zege, meza ya zege, na kidirisha chembamba. Humo wamefungwa hata baadhi ya waliohukumiwa maisha kwa milipuko ya 1998 ya balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam.

Najua mtu atauliza: kwani hawakustahili? Waliofiwa siku ile wana haki ya kutaka watu hao wasitoke kamwe. Hata mimi sitaki watoke. Lakini kumzuia mtu asitoroke ni jambo moja, na kumnyima binadamu wa kuzungumza naye ni jambo lingine kabisa. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinakataza kumtenga mfungwa zaidi ya siku 15 mfululizo. Kwenye supamaksi watu hutengwa kwa miaka. Mwaka 2013, wafungwa wapatao 30,000 wa California walisusia chakula kupinga utengaji huo.

Tatizo la neno supamaksi ni kwamba linataja ulinzi tu, linanyamazia mateso. Kiswahili kinaweza kusema wazi: gereza la upweke. Siku mwanasiasa akisimama kutuahidi supamaksi yetu wenyewe, tusipige makofi kwanza. Tumuulize: mheshimiwa, unataka kuta imara, au unataka kuwatia watu wazimu?