GITARE YA UMEME IKO NA DHAMBI GANI?



Niko kapita wa internati tangu mwaka jana, na sasa niko darasa la sita. Wengi wenu mnanijua kwa sababu ya kengele na kwa sababu ya kunyang'anya vitu. Leo naandika juu ya kitu kimoja nilichonyang'anya, na kabla ya kumaliza nitaungama kosa langu mbele yenu wote.

Usiku mmoja kabla ya Pasaka, taa zimekwisha kuzimwa, nilisikia sauti chini ya blanketi. Nilifunua nikakuta mtoto wa darasa la pili na karadio kadogo ka kutia kadi. Kwenye kioo chake niliona neno moja la Kiingereza: WITCH. Kiingereza changu si kingi, lakini neno hilo nalijua. Maana yake ni mchawi. Nikamwambia, "Kumbe unatuletea uchawi huku?" Akanijibu na machozi, "Yaya kapita, usitupe. Ni ya mukubwa yangu. Alienda Lubumbashi kutafuta kazi, aliniachia ile tu."

Sikutupa. Lakini kanuni inasema kitu kama hicho kipelekwe ofisini asubuhi, na sikukipeleka pia. Nilikaa nacho. Nilisikiliza usiku mmoja, kisha wa pili, kisha wiki tatu. Ndani ya kadi mlikuwa nyimbo 43, nyingi za gitare za kelele, zile tunazoita rock. Wakati wa mapumziko ya Pasaka nilitafuta habari za zile zilizonigusa. Nawapa chache hapa, mhukumu wenyewe.

Wa kwanza ni wale "wachawi". Kumbe hawako wachawi. Ni kundi la vijana wa Zambia wa miaka ya 1970, na jina lao ni kifupi cha maneno yanayosema kwamba wamekusudia kuleta fujo. Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, aliitwa Jagari kwa kumfuata Mick Jagger wa Rolling Stones. Sahani yao Lazy Bones!! ilitoka mwaka 1975. Kisha bei ya shaba ikaanguka, pesa ikapotea, na ukimwi ukaua wengi wa wanamuziki wale. Chanda akaenda kuchimba mawe ya thamani ili aishi. Katika uzee wake alirudi kuimba, na mwaka 2023 kundi lilitoa sahani mpya, Zango. Sisi wa Kivu tunajua maisha ya wachimbaji. Mzee kama huyo nilimwita mchawi juu ya herufi tano tu.

Wa pili ni mama mmoja wa Marekani, Sister Rosetta Tharpe. Alizaliwa mwaka 1915 katika jimbo la Arkansas. Mama yake alikuwa mhubiri wa kanisa la Kipentekoste, na mtoto alipiga gitare kanisani tangu udogo. Wimbo wake Strange Things Happening Every Day aliurekodi mwaka 1944, na watu wengi wanauhesabu kati ya mizizi ya rock. Sikilizeni vizuri: mizizi ile ilikuwa wimbo wa dini, na aliyepiga gitare alikuwa mwanamke wa kanisa. Basi, yule anayesema muziki huu ulitoka kwa shetani, atuambie shetani aliingia kwa mlango gani, wakati mama huyu alikuwa anamwimbia Bwana.

Wa tatu na wa nne, chukueni Biblia zenu. Mwaka 1965 kundi la The Byrds liliimba Turn! Turn! Turn!, wimbo ambao Pete Seeger aliutunga kwa maneno ya Mhubiri sura ya 3, pale panaposemwa habari za majira. Mwaka 1983 kundi la U2 kutoka Ireland lilimaliza sahani yake War na wimbo unaoitwa 40, kwa sababu umetoka katika Zaburi ya 40. Niliposikia wimbo huo usiku, radio imeshikwa kwenye sikio, nilijua kwamba nimekwisha kuusikia kwenye ibada ya asubuhi, ila siku hiyo nilikuwa nasinzia.

Wa tano ni Queen. Mchezo wa mpira ukiisha na sisi tumeshinda, nani kati yetu hapigi kelele ya We Are the Champions? Wimbo huo ni wa mwaka 1977. Lakini wangapi wanajua kwamba aliyeuimba, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946? Tulikuwa tunafikiri ni mambo ya wazungu peke yao, kumbe sauti ile ilianza kulia mahali panaposemwa Kiswahili.

Wa sita ni wetu kabisa. Konono No 1, kundi la Kinshasa, walichukua likembe ya wazee, wakaitia umeme kwa vyombo walivyojitengenezea wenyewe kwa vipande vya magari ya kizee. Sahani yao Congotronics ya mwaka 2004 ilifurahisha watu wa rock wa Ulaya na Marekani. Na mbele yao kulikuwa Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye mwaka 1952 alirekodiwa akipiga Masanga na gitare yake pale Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Gitare haikutufikia jana.

Sasa nasema wazo langu. Tumezoea kuhukumu muziki kwa kelele yake, kwa nywele za mwimbaji, au kwa jina la kundi. Lakini Jumapili tunafanya nini? Korale ikianza, solo ikapanda, sebene ikaingia, hata wazee wanasimama kucheza. Ile gitare inatiwa ndani ya umeme ule ule! Martin Luther mwenyewe, ambaye tunamkumbuka kila tarehe 31 Oktoba, alipiga luti na kutunga nyimbo kwa lugha ya watu wake. Na Paulo aliwaagiza Wathesalonike kupima mambo yote. Kupima njo kusikiliza kwanza. Hakuna anayepima unga akiwa amefumba macho.

Sisemi kwamba kila wimbo ni mwema. Katika zile 43, mbili ziko na matusi, na sitaki wadogo wetu wazisikie. Sisemi pia kwamba watoto wapige radio usiku. Usiku ni wa kulala, na sisi wa darasa la sita tuko na mtihani wa Serikali mbele yetu. Kanuni hiyo ni nzuri, nami nitaendelea kuilinda. Lakini kitu kikikatazwa usiku na mchana kinakwenda chini ya blanketi, na chini ya blanketi hakuna mwalimu wa kumweleza mtoto maana ya maneno.

Kwa hiyo naomba wakubwa wetu, kwa heshima, watupatie saa moja tu, Jumamosi jioni, katika chumba cha kulia. Kila mara wanafunzi watatu walete wimbo mmoja mmoja, wa rock, wa rumba, wa korale, wowote. Kabla ya kuupiga, mwanafunzi aseme ni nani aliyeuimba, mwaka gani, na maneno yanasema nini. Mwalimu mmoja akae nasi. Wimbo ukiwa mbaya, tutauona wote kwenye mwangaza, na aliyeuleta atasikia haya kuliko kupewa azabu.

Sasa kosa langu. Nilimkataza mtoto kitu, kisha nikakifanya mimi. Jumamosi iliyopita nilikwenda mwenyewe ofisini kusema yote, kisha kwa ruhusa nikamrudishia radio yake akaiweke kwao nyumbani. Nilimwomba msamaha. Yeye aliniuliza neno moja tu: "Yaya, haukufuta?" Hapana, sikufuta hata moja, hata zile mbili. Hizo mukubwa yake atajibu mwenyewe siku akirudi.

Kama wakubwa wataona kwamba kapita wa namna hii hafai, nitarudisha kengele bila kununa. Lakini ile saa ya Jumamosi, ninawaomba msiikatae juu yangu.



Kapita wa internati, darasa la sita